Kifuko cha Kiwiko

Mume wangu alichonga mpingo uani kwetu Temeke, ameketi chini, gogo kalibana kwa nyayo. Akifika kwenye sura za watu, aliegemeza kiwiko cha kulia kwenye ubao ili mkono usitikisike. Kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi. Mwaka mmoja ushirika wa wachongaji ulimpa gogo refu, achonge watu waliobebana tangu chini hadi juu, kwa ajili ya Ujamaa. Ndipo kiwiko kikavimba, kikawa kama yai la kuku chini ya ngozi.

Tabibu wa zahanati alikibonyeza. "Mzee, hiki ni kifuko tu cha majimaji. Kila mtu anacho, ndicho kinacholinda kiungo. Umekikandamiza mno. Pumzisha mkono wiki kadhaa, na usikitoboe."

Wiki kadhaa! Mume wangu alinuna njia nzima. Akichelewa, gogo lingepewa mchongaji mwingine, na hakuwa na kingine cha kujivunia mjini hapa.

Asubuhi moja akaniita. "Mti ukifungiwa maji ndani, unapasuka. Lazima yatoke. Njoo unishike mkono, mke wangu."

Nilimwamini, maana sikuwahi kumwona akikosea gogo. Akapasha moto ncha ya kisu chake cha kuchongea macho, akakishika kwa kushoto. Nikamkaza mkono kwa nguvu zangu zote. Yakatoka maji ya manjano, yanavutika kama ute. Uvimbe ukanywea, tukacheka, wajinga sisi! Mchana uleule akarudi kazini, vumbi la mpingo likimwingia kidondani.

Siku ya nne mkono ulikuwa umevimba hadi begani, homa inamtetemesha. Hospitali walimpasua mara mbili kutoa usaha. Mkono ukapona, lakini kiwiko kikakakamaa kimenyooka, hakikukunjika tena.

"Nani alikushika ukijikata?" daktari alifoka.

Mume wangu akatazama ukuta. "Nilikuwa peke yangu."

Nami nimesimama pale pale kando ya kitanda.

Gogo watu wa ushirika walikuja kulichukua, wale watu wa juu yake hawajachongwa macho. Mkono wa kulia haukufika tena kinywani, na kula kwa kushoto alikataa katakata. Basi nilimlisha mimi, tonge kwa tonge, mpaka alipofariki. Kila tonge nilingoja anilaumu. Hakunilaumu, na mimi sikumwomba radhi.