Kimya cha Kisaju Kilivyonipigia Kelele

Ujana wangu niliumalizia kwenye grainda. Nilikuwa fundi wa madirisha na mageti pale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, na mashine yangu ikigusa chuma, ng'ombe wa Kajiado nzima walikuwa wanaacha kula na kuinua vichwa. Mteja akija tulikuwa tunapatana bei kwa vidole. Jioni nikifika nyumbani, niliwasalimia watoto wangu kwa sauti ambayo majirani wa gorofa ya tatu waliitikia.

Macho tulikuwa tunayakinga. Miwani ilikuwepo, japo imekwaruzwa mpaka dunia yote ilionekana kama ina ukungu. Lakini sikio? Sikio halitoi damu wala halivimbi. Nani ana muda wa kulihurumia?

Baadaye nilijiunga na masomo ya jioni, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mvi nyingi kuliko mwalimu, na cheti kile kikanipa kazi ya kutunza stoo kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapohapo Kitengela. Vyuma vilevile nilivyokuwa nakata sasa nilikuwa navihesabu vikiwa vimelala kwenye rafu. Na ni hapo, nilipoachana na kelele, ndipo mlio ulipojitokeza. Iiiiii. Mbu aliyemeza filimbi. Asubuhi yupo, adhuhuri yupo, nikinywa chai yupo.

Kwetu Magharibi mwa Kenya, sikio likilia ni kwamba kuna mtu anakusema. Likilia la kulia, unasemwa mazuri; la kushoto, unasengenywa. Yangu yalikuwa yanalia yote mawili.

"Basi unasemwa na pande zote, kama mbunge," mke wangu aliniambia.

Nilianza kuwashuku watu. Nilimpigia shemeji yangu simu nikamwuliza kama kuna neno analo moyoni, na yeye, maskini, akadhani namdai. Mwezi ulipoisha bila mlio kuisha, mke wangu alifunga faili. "Baba, hakuna mtu anaweza kusemwa mwezi mzima. Huna hayo maisha."

Tukaingia kwenye dawa. Mwimbaji mwenzangu wa kwaya alinipa mafuta ya kitunguu saumu, yapashwe moto kidogo na kutiwa matone. Nikanuka kama mchuzi wa harusi, na mbu wangu akaendelea na filimbi yake. Nikameza tembe za maumivu, ingawa hakuna kilichokuwa kinauma. Nilifikiri zitaona zenyewe la kufanya zikishafika ndani.

Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule nililiona kubwa kuliko Mlima Kilimanjaro unaoonekana Kitengela asubuhi zikiwa safi. Tulikuwa tumepanga nyumba katikati ya kanisa lenye spika nne, kisiagi cha unga, na buchari inayochoma nyama kwa muziki. Bila shaka masikio yangu yalikuwa yanalia kwa uchovu. Dawa yake ni kimya. Na kimya tulikuwa nacho: ploti yetu ya Kisaju, mbali na lami, yenye nyumba ambayo tulikuwa tumeijenga polepole kama ndege mfumaji na kiota chake, jiwe kwa jiwe, mshahara kwa mshahara.

Mke wangu aliingojea nyumba ile kuliko Waisraeli walivyoingojea Kanaani. Mapazia yake aliyanunua hata msingi haujachimbwa, rangi ya kahawia yenye maua meupe, akayaweka kwenye sanduku la bati na dawa ya nondo. Tulipofika hatua ya madirisha, sikupimia ukuta. Nilipimia mapazia. Nadhani ni nyumba ya pekee Kenya nzima ambayo ilishonwa kwanza, ndipo ikajengwa.

Tukahama. Akayatundika siku hiyohiyo, hata kitanda hakijafungwa, akasimama katikati ya sebule akizunguka kama bibi harusi mbele ya kioo.

Sasa niwaambie kuhusu kimya cha Kisaju. Kile si kimya cha kawaida. Unaweza kusikia nyasi zikifikiria. Jua likizama na upepo ukitulia kwenye migunga, hakuna lori, hakuna spika, hakuna mtu. Na katika utulivu huo mbu wangu alivua koti, akakunja mikono ya shati, akageuka grainda. Nililala macho wazi. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda nikaketi kwenye benchi karibu na kisiagi pale Kitengela, na usingizi ulinichukua kama mtoto aliyetoka kunyonya. Wiki nzima ikawa hivyo: Kisaju nakesha, Kitengela nasinzia. Kazini nikaanza kutoa misumari kwa mtu aliyeomba rangi.

Chumba chetu cha zamani cha Kitengela kilikuwa bado wazi. Keateka, yaani msimamizi wa zile nyumba za kupanga, alisema atakishikilia mpaka mwisho wa mwezi, asizidishe. Nikamwambia mke wangu.

Alikuwa anachagua maharagwe kwenye sinia. Hakuinua kichwa. "Umenileta hapa na mapazia yangu, sasa unataka niyakunje?"

"Si milele. Ni mpaka sikio litulie."

"Na lisipotulia?"

Niliokota harage lililodondoka nikalirudisha kwenye sinia.

"Kabla hatujakunja kitu," akasema, "utaenda kuonwa na daktari. Si yule wako wa saumu. Daktari. Akisema turudi mjini, nitayashusha mwenyewe na hutanisikia nikilalamika."

Najua sauti ya mke wangu akilalamika, naipenda, imenilea. Iliyoniogopesha ni hiyo ya kutolalamika.

Kwa hivyo nikaenda Kajiado mjini, kwenye kliniki ya masikio. Daktari alikuwa msichana wa umri wa kifungua mimba wetu. Alichungulia sikio la kushoto kwa taa yake ndogo, akavuta kitu na kukinusa.

"Baba, uliweka nini humu?"

"Dawa."

"Hii ni saumu. Ungeongeza nyama kidogo, ungekuwa umemaliza."

Alinisafisha nta na mapishi yote, akanionya nisitie kitu tena masikioni, wala mafuta wala kijiti. Akapima presha. Akauliza kazi yangu, nikamweleza habari za grainda kwa mbwembwe zote, nikitaraji anisifu. Aliandika tu. Akauliza dawa ninazomeza, na niliposema za maumivu alitaka kujua ngapi na kwa nini. Akaniambia niziache, kwani zipo dawa ambazo zikizidi mwilini hufanya masikio yalie, na hizo ni baadhi.

Kisha akanifungia kwenye kijumba kama choo cha kisasa, akanivika spika masikioni na kunipa kitufe. Nikisikia sauti, nibonyeze. Nilibonyeza kama mtu anayeshindania gari. Baada ya muda alifungua mlango.

"Baba, unabonyeza hata wakati sijapiga kitu."

"Lakini nasikia."

"Hiyo ni yako. Ngoja yangu."

Za kwake, zile nyembamba za juu, kumbe nyingi hazikunifikia kabisa. Alinichorea mchoro nikaukumbuka kutoka darasa la jioni: nyundo, fuawe, kikuku, halafu kile kikonokono ndani. Zamani niliufurahia mchoro ule kwa sababu niliona sikio nalo ni karakana. Sasa alinionyesha kwamba ndani ya konokono kuna vinywele vidogo, na kelele ya miaka mingi huvilaza kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe kila siku njia ileile. Vikilala hivyo, haviinuki tena. Ubongo nao, ukikosa sauti uliyoizoea, hujiongezea sauti wenyewe kama mtu anayetafuta stesheni iliyopotea. Huo ndio mlio.

"Kwa hivyo hakuna dawa," nikasema.

"Hakuna tembe ya kuuzima. Lakini kuna kuuzoea mpaka uusahau, na wengi hufika hapo. Umesema unalala wapi?"

"Kisaju. Kimya kabisa."

Alicheka, si kwa dharau. "Ukiwasha mshumaa mchana, nani anauona? Ukiuwasha gizani unajaza nyumba. Wewe umeubeba mshumaa wako ukaupeleka gizani."

"Basi nirudi kwenye kelele?"

"Kelele kubwa ndiyo ilikuleta kwangu, usiirudie bila vizibo vya masikio. Tafuta sauti ndogo. Laini, iwe chini kidogo ya huo mlio, isiyokufukuza usingizi. Ujaribu, usikate tamaa mapema, halafu urudi nikuone. Kusikia kwako kukipungua zaidi kuna vifaa vya kuvaa, na hivyo navyo husaidia."

Hakusema turudi mjini. Hakusema tukae. Nilirudi nyumbani na kesi ileile, ila sasa ilikuwa na mwanga.

Nikaanza kutafuta sauti ndogo. Kwanza redio, nikaiweka katikati ya stesheni ili ivume shhhhh. Mke wangu alivumilia kidogo, kisha akaketi kitandani. "Unanilaza na nyoka?" Ikaondoka. Nikajaribu mfereji udondoke ndani ya beseni; nyumba nzima, mkubwa kwa mdogo, ikawa inaamka kwenda chooni. Nikaning'iniza vipande vya chuma dirishani vigongane kwa upepo, lakini upepo wa Kisaju hauna kiasi, na kufikia asubuhi ilikuwa kama nimefungua tena karakana.

Mwezi ukawa unaisha. Jioni moja nilirudi kazini nikakuta pazia moja la sebuleni halipo. Alikuwa amelifua, alisema, vumbi limezidi. Lilikuwa limekauka na kukunjwa pembe kwa pembe juu ya sanduku la bati. Halikurudishwa dirishani siku hiyo, wala iliyofuata.

Jumamosi ya wiki hiyo jirani yetu alikuja. Ni mfugaji, boma lake liko ng'ambo ya ua wetu, mtu mrefu hata akiketi unadhani amesimama. Alikuja na mbuzi jike, mwanawe akimfuata, na shingoni mwa mbuzi kengele ya chuma iliyozeeka, imefungwa kwa ukanda wa ngozi.

"Sopa," akasema.

"Ipa," nikaitikia. Salamu ya Kimaasai nilikuwa nimejifunza.

"Wakati wa kiangazi, mkiwa bado mnajenga, mama wa hapa alinyweshea wana-kondoo wangu kwa tangi lenu. Sikusahau. Na tena mimi nikiangalia nyumba yenu, naona haina mnyama. Nyumba haina mnyama ni stoo."

Mimi mtunza stoo nikageuka kuitazama nyumba yangu upya.

"Huyu ni wenu. Kuanzia leo usiniite jirani. Wewe ni Pakine, na mimi ni Pakine." Kwa Wamaasai, waliopeana mbuzi huitana hivyo maisha yao yote, wa kondoo wana jina lao, wa ng'ombe lao. Nilishika mkono wake kwa mikono miwili. Nimepata vyeti vichache maishani, na hiki hakikuwa na mtihani.

Lakini mke wangu alikuwa anaitazama kengele, ananitazama mimi, anairudia kengele. "Pakine," akaanza kwa adabu, "tunashukuru sana. Ila huyu mzee wangu ako na shida ya masikio. Hiyo kengele tungeitoa."

"Ukiitoa leo, kesho utamfuata Namanga. Ni mgeni, hajui hapa ni kwake. Wiki moja tu azoee, nitakuja kuitoa mwenyewe."

Zawadi haijibizwi. Mahali pekee palipokuwa na ua imara ni nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba chetu. Mke wangu alinionea huruma waziwazi. Nililala nikingoja vita.

Ko. Ko-ko. Kimya kidogo. Ko. Alikuwa anacheua, na mwanawe akimsukuma kiwele. Haikuwa na mpigo, kwa hivyo sikuweza kuihesabu; nikawa namfuata tu. Sasa amegeuka. Sasa anajikuna. Sasa amelala. Mbu wangu alikuwepo, namsikia, lakini alikuwa kama mgeni mwingine sebuleni, si yeye tena mwenye mazungumzo.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshika ukuta. Mke wangu ameketi ukingoni mwa kitanda akinitazama kana kwamba mimi ni Lazaro aliyefufuka.

"Umekoroma," akasema.

"Mimi?"

"Umekoroma mpaka mbuzi akakujibu."

Pakine alitimiza ahadi yake. Wiki ilipoisha alikuja kuitoa kengele, akamkuta mke wangu amesimama mlangoni mwa zizi.

"Hiyo usiiguse."

"Mama, si ulisema—"

"Nilisema kabla."

Ikabidi nimweleze, na alisikiliza akicheka mpaka akaegemea fimbo. Shida ni kwamba kengele ilikuwa ya kiongozi wa kundi lake. Bila hiyo mbuzi wake walikuwa wanatawanyika kama vijana wa siku hizi. Alikuwa anaihitaji. Basi nikamwambia anipe muda kidogo, nitamfulia nyingine.

Nilivaa vizibo vya masikio, vikubwa kama vikombe vya chai, nikashika nyundo kwa mara ya kwanza tangu nipate cheti. Ya kwanza niliyofua Pakine aliitikisa, akatikisa na kichwa. "Hii ni ya kanisa." Ya pili: "Hii ni ya shule." Ya tatu aliitikisa, akainama, akaitikisa tena karibu na nyasi, kisha akaitia begani pamoja na shuka lake na kwenda zake.

Siku hiyohiyo, nikiwa uani, nilimpigia simu keateka wa Kitengela. Nyuma yake kisiagi kilikuwa kinasaga na buchari inapiga muziki.

"Nimesema, kile chumba, mpe mtu mwingine."

"Sikusikii, mzee. Ongea kwa nguvu."

"Mpe mtu mwingine. Sisi hatutarudi."

"Hamta nini?"

"Hatutarudi," nikasema kwa ile sauti yangu ya zamani ya karakana, na nadhani hata kule mbali Kona Baridi walisikia. Mbuzi aliinua kichwa, kengele ikalia mara moja. Na kupitia dirisha la sebuleni, lile lililobaki bila pazia, nilimwona mke wangu akipanda juu ya kiti, pazia la kahawia likiwa limetandazwa begani mwake.