Kamba Niliowaombea

Sifa ni zake Mungu aliyeyaumba maji na vyote vinavyoogelea ndani yake, aliyenilisha kabla sijaota meno na anayenilisha hata sasa meno yanapoanza kuniaga. Namshukuru kwa pumzi, na kwa magoti yanayouma lakini bado yanakubali kupigwa. Zaidi namshukuru kwa uvumilivu wake kwangu, maana mwaka huu ameuhitaji sana.

Nataka kueleza habari za chakula nilichokiombea nikiwa nimefumba macho, kisha nikakitukana nilipoyafumbua.

Nilizaliwa Kisegi, kando ya ziwa, nikaolewa Kosele, ambako watu wanajua mahindi kuliko nyavu. Ni Msabato tangu utotoni, na kwa miaka mingi nimewafundisha akina mama somo la Sabato. Sisi tunakula samaki mwenye mapezi na magamba. Asiye navyo tunamwacha majini. Mumi, yule mwenye masharubu, hajawahi kuingia katika sufuria yangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndivyo nilivyolelewa, na nimeridhika.

Mwanangu wa mwisho anafanya kazi mjini Migori. Alioa msichana wa Malindi, Mkatoliki, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Kwetu mke huitwa kwa alikotoka. Hata leo, na mvi zangu zote, mimi ni Nyar Kisegi, binti wa Kisegi. Ukishaitwa hivyo ujue boma limekupokea. Lakini yeye, majirani zangu walimwita "yule wa Pwani", na mimi sikuwasahihisha. Mwanangu aliwahi kuniambia, "Mama, mwenzangu anauliza lini na yeye ataitwa Nyar." Nilijibu kwamba mambo mazuri hayana haraka. Nilijiona nimesema neno la hekima.

Basi mkwe wangu akanialika Migori. Chakula cha kwanza ambacho mkwe anampikia mama mkwe katika nyumba yake si chakula tu. Ni hodi. Ukila vizuri umemwambia karibu.

Nilifika akiwa jikoni, amefunga leso kiunoni, uso unang'aa jasho ingawa hapakuwa na moto. Mezani palikuwa na mashine nyeusi yenye droo, ikivuma kama kuna mtu ndani yake anapuliza uji.

"Hii ndiyo nini?"

"Air fryer, Mama. Inakaanga kwa hewa ya moto."

"Na mafuta yako wapi?"

"Nimepaka kidogo tu kwa brashi."

"Kidogo tu? Kwetu ukikaanga bila mafuta, umechoma."

Alicheka. Mwanangu naye akacheka, akasema, "Mama, hata daktari wako atafurahi." Mashine ikalia, akaivuta droo, na harufu ya limau na kitunguu saumu ikajaa nyumba nzima. Vilikuwa vipande vidogo vilivyojikunja, vimevaa chenga za mkate, rangi ya dhahabu. Nilidhani ni mbuta, yule sangara wa ziwa letu, aliyekatwa vipande vyembamba. Sikuuliza. Niliketi, nikaombwa kuombea chakula.

Wanaonijua wanajua maombi yangu si mafupi. Nilimshukuru Mungu kwa mikono iliyoandaa, kwa wavuvi, kwa bwana na bibi wa nyumba ile. Nikamwomba akitakase chakula chote kilicho mbele yetu. Chote. Neno hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

Kisha nikala. Kilivunjika mdomoni kwa mlio kama wa jani kavu, na ndani kilikuwa laini na kitamu. "Mwanangu," nikasema, "huyu samaki ameumbwa siku nzuri." Mkwe wangu aliinamisha kichwa ili nisione jinsi alivyofurahi. Nilichukua cha pili, na safari hii nikakishika kwa upande wa mkia, nikauma. Mkia ule ulikuwa mwekundu, mgumu kama ukucha, umepanuka kama kipepeo.

"Huyu ni nani?"

"Ni kamba, Mama. Kamba wa kwetu. Baba amewatuma kwa basi, kwenye barafu. Amesema wakubwa wote ni wa mama mkwe."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amekumbuka wakati huo huo, nilimwona usoni. Alikuwa amemwambia mke wake kwamba mama hali nguruwe, na nyumba ile haikuwa na nguruwe. La viumbe wa majini alilisahau, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kulijali.

Ningeweza kuweka kile kipande sahanini polepole, nikasema asante mwanangu, dini yangu hainiruhusu, hukujua. Maneno hayo ni machache na ninayajua. Badala yake nilitoa leso yangu, nikatemea ndani yake mbele ya wote. Halafu nikasema kwa sauti niliyozoea kuitumia darasani, "Kwetu Kisegi hawa tunawaita ochong'a. Tunawachambua kutoka kwenye omena, tunawauza kwa wafugaji. Ni chakula cha kuku."

Kwa kweli ochong'a ni vidudu vidogo vya ziwani vinavyonaswa pamoja na omena, dagaa wetu, na havifiki hata ncha ya kidole. Kamba wale walikuwa kama kidole changu chenyewe. Nilijua tofauti. Mtoto yeyote wa ufukweni anaijua. Nilisema tu.

Hakulia. Alisimama, akaichukua sahani yangu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba maji ya moto, akasema, "Nisamehe, Mama. Nitakutengenezea mayai." Alinipikia mayai, nikayala. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani kwa adabu zote. Adabu zile zilinichoma kuliko kama angenijibu.

Nyumbani nilimsimulia jirani yangu, ninayeabudu naye, nikitarajia anipe pole.

"Kwa hivyo uliwaombea," akasema.

"Sikujua."

"Lakini uliwaombea. Ukamwambia Mungu awatakase, halafu ukatema." Alikuwa anapepeta maharagwe na hakuacha kupepeta. "Nyar Kisegi, mimi nikiwa Mungu ningeuliza kama uliniita kwa mzaha."

Nilimwambia akome. Alicheka, lakini mimi usingizi wangu ulikuwa umeharibika.

Walipokuja watoto wote nyumbani kwa mavuno ya mahindi, yule wa Migori alikuja peke yake. Nilimuuliza mwenzake yuko wapi. Alipangusa viatu vyake muda mrefu kuliko vilivyohitaji. "Anasema hatakuja kukaa jikoni mwako akiogopa kila sufuria. Ile mashine ameifunika kitambaa, ameiweka juu ya kabati. Kamba waliobaki wako kwenye friza. Hataki kuwapika, na hataki kuwatupa kwa sababu ni baba yake aliwatuma." Akaongeza, akijaribu kutania, "Jirani ana kuku. Labda tuwape." Hakucheka, na mimi sikucheka.

Sabato iliyofuata somo lilikuwa la yule mtume aliyeoneshwa shuka kubwa ikishuka kutoka mbinguni, imejaa wanyama wa kila namna. Nimelifundisha somo lile hadi nalijua bila kufungua. Siku zote huwaambia akina mama: msikosee, maono yale hayakuhusu chakula, yalihusu watu. Mungu alikuwa anamfundisha mtumishi wake asimwite mtu yeyote mchafu. Nilikuwa nimesimama mbele yao, chaki mkononi, na sentensi ilipofika hapo ilinishinda. Nilisema koo limekauka. Mama mmoja akaniletea maji. Nilikunywa nikijua kwamba koo halikuwa na neno. Kumkataa kamba nilikuwa na haki. Yule niliyemtema kwenye leso ndiye sikuwa na haki naye.

Nilikwenda Migori bila kualikwa, na mbuta mkononi, aliyetolewa magamba na kukatwa vipande vyembamba. Mkwe wangu alifungua mlango, akanipokea mzigo kabla hajanisalimu, kama inavyotakiwa.

"Karibu, Mama. Mwenzangu yuko kazini."

"Sikumjia yeye. Nimekuja unifundishe ile mashine."

Alinitazama. "Mama, tupike chakula gani?"

"Samaki huyu, wangu. Na wale wa baba yako, wako. Nitawamenya mimi."

"Mama, huwali wale."

"Sijasema nitawala. Nimesema nitawamenya."

Alisita, kisha akapanda kiti akaishusha mashine kutoka juu ya kabati. Kamba tukawaweka kwenye maji mpaka wakalainika. Akanionesha: unang'oa kichwa, unavua gamba, mkia unauacha, unapasua mgongo kidogo na kuuvuta uzi mweusi kwa kijiti cha meno. Vidole vyangu havijawahi kushika kiumbe yule. Kamba wa kwanza aliniponyoka mara mbili, na sijui kama ilikuwa dini au aibu. Aliona, akajifanya anatafuta chumvi.

Akapanga bakuli tatu: unga wa ngano, mayai yaliyopigwa, na chenga za mkate mkavu alizozisaga kwa chupa. Nilitaka kuanza, akanishika mkono.

"Wafute kwanza kwa kitambaa. Wakiwa na maji, chenga zitateleza zote."

Nikawafuta. Nikanyoosha mkono tena kwenye unga, akanizuia tena.

"Hapana, Mama. Samaki wako kwanza. Apite kwenye bakuli zote, aive, umtoe, ndipo hawa wafuate. Wasije wakamgusa wako."

Sikuwa nimemwomba. Wala sikuwa nimelifikiria mimi mwenyewe, mimi mwalimu. Alikuwa ameketi na dini yangu ambayo si yake, akaipangia nafasi kwenye meza yake. Nilisema nakwenda kunawa mikono, nikakaa kwenye bomba mpaka macho yangu yakawa tayari kuonekana.

Niliporudi nilisema kile nilichokijia. "Mwanangu, wale hawakuwa chakula cha kuku. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema. Nisamehe."

Aliendelea kuchovya samaki kwenye mayai, mkono mmoja wa kulowa, mwingine wa chenga. "Baba aliniuliza kama uliwapenda," akasema baadaye. "Nilimwambia uliwapenda sana."

"Hukumdanganya," nikasema. "Kile cha kwanza nilikipenda. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi."

Hapo alicheka, kicheko kilichomtoka kabla hajakikubali, akafunika mdomo kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na unga.

Samaki wangu aliiva. Akapaka kamba mafuta kwa brashi, akawapanga kwenye droo wasilaliane, akawageuza katikati ya safari. Mimi nilisimama karibu na mashine kama ninayelinda mtoto. Tulipoketi, sahani mbili, aliniambia, "Mama, tuombee."

"Leo uombe wewe, Nyar Malindi."

Alisimamisha mkono hewani. Jina lile alilisikia, sikuhitaji kulirudia. Akafanya ishara ya msalaba, akaomba sala fupi kuliko salamu zangu, akamshukuru Mungu kwa chakula na kwa mgeni. Nikasema Amina. Kisha akauma kamba wa baba yake, ukasikika ule mlio wa jani kavu, akafumba macho.

"Nyumbani nitakuja," akasema akitafuna. "Lakini mashine naibeba, na bakuli zangu pia."

"Beba. Stima ipo."

"Na kuku wako, Mama, wasinitazame vibaya."

Alikuja, na mashine yake iko Kosele hata sasa ninapoandika. Jirani yangu ameonja viazi vilivyoiva humo, akasema haina dhambi yoyote aliyoiona. Mimi nimesamehewa, lakini aibu ile haijanitoka. Kila ninapofumba macho mbele ya chakula naikuta hapo, na maombi yangu yamekuwa mafupi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu aibariki meza yako na mkono unaokuandalia. Akupe ulimi ulio mpole kuliko wangu, na kama utateleza, akupe mtu wa kukupangia bakuli zako kwanza. Amina.