Kioo cha Mama Minza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Nilikuwa nimetoka chuo Mwanza na cheti changu cha ufundi wa kompyuta, viatu nimeving'arisha hadi vinatia aibu, nikaambiwa niviache mlangoni. Hapo ni Nyalikungu, mjini Maswa, katika ofisi ya serikali iliyokuwa na kompyuta moja tu. Hiyo moja ilikuwa na chumba chake, pazia lake, na ufunguo uliokaa mfukoni mwa Mkuu wa Masijala mwenyewe.

"Kijana, humu hatuingizi vumbi," alisema. "Na kioo usikichokoze. Kina umeme wake."

Kuhusu umeme hakukosea. Monita za siku hizo zilikuwa na kioo cha inchi kumi na nne na kisogo kirefu kwa nyuma, ndiyo maana tuliziita chogo. Hata ukizima, umeme ulibaki humo ndani kwa muda, wa kutosha kumlaza fundi chali. Kilichonikera ni kitambaa cha kufuma walichokiweka juu yake kama pambo la sebuleni, kimeziba matundu ya kutolea joto. Nilikitoa. Kesho yake nikakikuta kimerudishwa. Mwezi mzima mimi natoa na mhudumu wa ofisi anarudisha, hatusemeshani, mpaka siku kiliponuka kuungua ndipo tukaheshimiana.

Ninyi mnaosoma haya kwenye simu nyembamba kama biskuti, niwaeleze chogo lilivyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu. Ndani yake kulikuwa na mtambo uliopiga mwali kwenye kioo kilichopakwa dawa ya kuwaka, mstari mmoja baada ya mwingine, kutoka juu hadi chini. Mfikirie mtu anayepalilia shamba la pamba peke yake. Akifika mstari wa mwisho, ule wa kwanza umeshaanza kuota majani, inabidi arudi upesi. Kwenye kioo, mstari ulioachwa huanza kufifia, na mwali hurudi kuuwasha. Idadi ya mizunguko hiyo kwa sekunde moja ndiyo hezi. Ukiongeza nukta za picha ili maandishi mengi yaenee, umeongeza mistari ya shamba, na mpaliliaji ni yuleyule. Atachelewa kurudi, na kioo kitachezacheza.

Nilihamishiwa Mwanhuzi, wilayani Meatu, wakati monita za inchi kumi na tano zimeanza kufika. Chogo moja nililifunga kwenye godoro la mtoto nikalisafirisha nimelipakata njia nzima, na mapaja yangu hayakunisamehe kwa siku tatu. Bosi wangu huko alikuwa Afisa Mipango, mtu wa Tanga, mwenye maneno laini na subira fupi.

"Bwana fundi," aliniambia, "jedwali langu la vijiji na majosho sioni mwisho wake. Nikitazama kioo hiki naiona nusu wilaya. Hebu nifanyie hisani niione yote."

Kioo chenyewe kilikuwa cha Mama Minza, katibu muhtasi wetu, maana jedwali lilichapwa kwake na bosi alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. Picha ilikuwa na nukta mia nane kwa mia sita. Nikaipandisha hadi elfu moja na ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane. Herufi zikawa ndogo, jedwali likaingia lote, bosi akapiga makofi. Nilijiona bingwa. Sikuangalia hezi. Kompyuta ilikuwa imezishusha yenyewe kutoka themanini na tano hadi sitini, kwa sababu monita ile haikuweza zaidi kwa nukta nyingi hivyo.

Mama Minza alikuwa mzaliwa wa Lingeka. Alijifunzia kwenye taipureta, na aliweza kukusalimia, kukuuliza habari za ng'ombe wenu na kuchapa aya nzima bila kutazama vidole. Kijijini kwao walimwita Mayu wa Mashine, yaani mama wa mashine, na jina hilo alilivaa kama kitenge kipya. Baada ya wiki mbili alianza kushika kichwa. Macho yakawa mekundu, yanatoka machozi. Barua zikaanza kutoka na makosa, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Akaenda Mwanza kupima macho, akarudi na miwani, hali ikawa ileile.

"Umri, mama," Afisa Mipango alimwambia kwa upole wake.

Alipotoka bosi, Mama Minza akanigeukia. "Wakiniondoa kwenye mashine hii, baba, Lingeka nitarudi kama nani?"

Nilimwambia apumzike. Nilimwonea huruma kabisa, na wala sikujua kuwa muuaji ndiye anayetoa rambirambi.

Baada ya mwezi bosi aliniita ofisini akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ilikuwa barua ya kupendekeza Mama Minza aondolewe kwenye kazi ya uchapaji kwa sababu za kiafya, apangiwe kazi nyingine yoyote. "Siwezi kumpa aichape mwenyewe," alisema. "Itakuwa ukatili. Leo yuko ruhusa, kakae wewe kwenye mashine yake uniondolee aibu hii."

Nilikaa. Sasa nawaambia siri ya mafundi: sisi hatukai mbele ya kioo. Tunainama dakika tano, tunabonyeza, tunasifiwa, tunaondoka. Siku ile nilikaa karibu saa nzima, maana ninachapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa, na barua ile haikutaka kutoka mikononi mwangu. Kabla sijafika aya ya pili, kichwa kilinigonga. Nikafumba macho. Nilipofumbua na kugeuka pembeni kutazama dirisha, kwa upembe wa jicho nikaona kioo kinachezacheza.

Nilichukua kalamu nikaipunga mbele ya kioo, kipimo cha bure tulichofundishwa chuo. Kalamu moja ikaonekana kama kalamu tano zilizopangwa. Nikafungua mipangilio. Hezi sitini. Nilikaa pale nimeshika kalamu, naisoma barua ya kumfukuza mama wa watu kwa ugonjwa nilioutengeneza mimi kwa dakika tano.

Nikarudisha nukta mia nane kwa mia sita, hezi themanini na tano. Barua nikaifuta. Kisha nikaenda kumrudishia Afisa Mipango karatasi yake, na njiani nilijiapiza kwamba nitasema yote. Nilichosema ni hiki: "Mkuu, kioo ndicho kilikuwa na tatizo. Nimekirekebisha. Mpe wiki moja."

"Na jedwali langu?"

"Utalisukuma kulia, mkuu."

Akakubali. Wiki haikuisha. Siku ya nne nilipita mlangoni nikasikia kibodi inalia kama mvua juu ya bati, na Mama Minza anaimba wimbo wa kanisani. Afisa Mipango aliichana ile karatasi mbele yangu. "Barua ile hatuijui," alisema. Nilitoka nje nikipiga mluzi.

Lakini Mama Minza alinishika mkono kwa mikono miwili. "Wabeja sana, baba. Nilishaanza kuaga." Asante ile niliipokea nikijua si yangu. Nilikuwa nimekitupia kioo lawama yangu, na kioo hakina mdomo.

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa nikahamia Bariadi. Huko ndiko nilikokutana na vioo bapa kwa wingi, kumi na saba, kumi na tisa, kisha vile vipana vya ishirini na mbili. Mkuu wangu mmoja pale alizungusha monita bapa ya kwanza akaichungulia nyuma. "Nusu nyingine mmeisahau Mwanza?" aliuliza. Huyohuyo aliletewa kioo kipana kikiwa bado na mipangilio ya kioo cha mraba, kila picha ikavutika kwa upana. Nilipokwenda kurekebisha akanizuia. Alikuwa anatazama picha yake mwenyewe, mashavu yamejaa. "Acha hivyohivyo," alisema. "Inaonyesha mkoa umenikubali."

Mimi nilivipenda vile vioo kwa sababu yangu ya siri. Kwenye kioo bapa kila nukta hushikilia rangi yake mpaka iambiwe kubadilika, haisubiri mpaliliaji arudi. Hezi sitini hapo hazimtoi mtu machozi. Kila chogo lililotolewa ofisini nililibeba mwenyewe hadi stoo, na kila mara nilipumua.

Nimestaafu sasa. Kama kazi ile imenifundisha neno moja, ni kwamba fundi akimaliza kurekebisha, avute kiti akae pale atakapokaa mwenye mashine. Lakini sikutaka kuwaandikia ninyi neno hilo kabla sijalisema kwa mwenyewe. Nikaenda Lingeka.

Nilimkuta Mama Minza uani, mzee mwenzangu sasa, anachambua pamba na kuitoa takataka. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, habari za nyumbani zikaisha. Nikamwambia yote: nukta, hezi, makofi ya bosi, barua, na lile neno langu kwamba kioo ndicho kibovu. Mikono yake haikusimama hata mara moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mayu."

"Nilijua tangu wiki ileile uliyokirekebisha. Ulipokuja herufi zikawa ndogo, kichwa kikaanza. Ulipokuja tena zikawa kubwa, kichwa kikaacha. Mimi mpiga chapa, baba. Nisijue ukubwa wa herufi zangu?"

Nilikosa pa kuweka uso. "Sasa mbona hukunisema kwa mkuu?"

Alipuliza kipande cha jani kutoka kwenye pamba, akanitazama kwa macho yake mazima kabisa.

"Nikuseme wakufukuze, halafu kile kioo kikisumbua tena angekitengeneza nani?"

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Akanisogezea kapu, nikachambua naye pamba hadi ugali ulipoiva.