Omena Juu ya Sola

Juzi stima ilipopotea hapa Homa Bay, binti yangu alilalamika kama mtu aliyenyimwa chakula: ati simu yake imebaki na nusu chaji! Nilicheka mpaka akanuna. Nilikuwa nimemkumbuka nyanya yangu na omena yake.

Ngoja nikuambie. Nikiwa darasa la nne, Baba alikuwa mpima barabara huko Ndhiwa. Aliishi kwenye karavani, kijumba cha bati chenye magurudumu, kikivutwa na trekta kila barabara iliposonga mbele. Likizo ya Agosti nilikaa naye. Stima yetu yote ilitoka kwa sola moja iliyolazwa nje juu ya vigingi vinne, ikajaza betri ya gari iliyokuwa chini ya kitanda. Baba alikuwa bahili wa stima, usiniulize. Taa ni ya wakati wa kula, redio ni ya taarifa ya habari, kilichobaki chote ni cha simu. Mama alikuwa akisomea uuguzi mbali, na alitupigia mara moja tu kwa wiki, Jumapili saa nane, akitoka misa. Nilimkumbuka mno. Wiki nzima niliishi nikingoja saa nane hiyo.

Kisha Nyanya, mama yake Baba, akaja kutoka Rusinga na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, ambayo haijakauka vizuri. Kulala kwenye karavani alikataa katakata, kwani kwa mila yetu mama halali katika nyumba ya mwanawe. “Nyumba ya mwanangu ni nyumba ya mwanangu, hata ikiwa na magurudumu,” alisema, akaomba kitanda kwa jirani. Asubuhi Baba akishaenda kazini, alikuja kunitunza.

“Nyathina, mtoto wangu,” akaniambia siku ya kwanza, “meza nzuri hivi, tena inashika joto, inakaa bure?”

Akamwaga omena juu ya sola. Mimi mtoto mtiifu niliigeuza kwa kijiti na kufukuza kuku. Jioni tuliianua kabla Baba hajarudi, tukaikaanga kwa nyanya na vitunguu. Tamu ajabu!

Taa ndogo kwenye betri ikatoka kijani ikawa njano, halafu nyekundu. Baba akasema nimewasha redio mchana. Niliapa, nikalia, hakuniamini. Jumamosi simu ikazima kabisa.

Jumapili Baba alikuwa mlangoni akinyoa ndevu Nyanya alipofika na gunia lake na kuanza kumwaga.

“Mama! Hiyo ndiyo stima yetu!”

“Hii meza?”

“Hiyo meza.”

Baba akanigeukia, sabuni shavuni, akaniambia pole. Nyanya akaipangusa sola kwa leso yake, akasimama kando akifukuza kuku na hata mawingu: “Wewe, pita huko!” Saa nane kasorobo simu ikawaka. Ilipolia, Nyanya aliinyakua kwanza, akaungama yote. Mama alicheka, nami nikakisikia kicheko chake mpaka simu ikazima tena.

Barabara ile sasa ni lami, karavani sijui iliishia wapi, na Nyanya tulishamzika Rusinga. Simu yangu hushinda na chaji tele. Lakini juzi, nikimcheka binti yangu, niligundua kwamba wiki tatu zilikuwa zimepita bila kumpigia Mama. Nikampigia papo hapo.

Hakunisalimia. “Kwani,” aliuliza, “mmeanika omena tena?”