Kigoda cha bibi kilivyomtoa babu mikononi mwa Bwana Miti wa Kijerumani

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee humu, kwa hiyo sina sababu ya kuwadanganya. Hili nililipata kwa bibi yangu mwenyewe, kijijini Kolo huko Kondoa, nikiwa kijana.

Siku hiyo kuni ziliisha. Nikashika shoka nipasue kigoda kimoja kikuukuu cha jikoni.

Weee! Bibi alinifokea mpaka mbwa akakimbia.

"Hicho ndicho kilichomtoa babu yako bomani!"

Nikaweka shoka chini, akanisimulia.

Enzi za Mjerumani babu alikuwa mpasua mbao. Serikali ikafunga misitu: ukitaka mti unaomba kibali, halafu Bwana Miti, yaani afisa misitu wao, anakuja kugonga nyundo yenye alama kwenye kichwa cha gogo. Bila alama, wewe ni mwizi.

Babu akakata mninga wake kihalali, ukagongwa. Mkandarasi mmoja Dodoma aliutaka, ila alishasema wazi: ukichelewa nachukua mbao za Ulaya, zinakuja na treni na bei yake poa.

Sasa, mafundi mnajua. Kichwa cha gogo kikiwa na nyufa unakikata kwanza, ndipo upasue mbao. Babu akakikata. Alama ikaenda nacho!

Kufika boma la Kondoa, akakamatwa. Mbao safi, alama hakuna. Viboko vinamsubiri, na mteja ndiye huyo anaponyoka.

Bibi, bi harusi mpya kabisa, alikuwa amekigeuza kile kichwa kigoda cha kukalia akisonga ugali. Aliposikia, akaking'oa miguu, akajitwisha, akatembea mpaka bomani kwa Bwana Miti.

"Bwana, zipange mbao kama zilivyokuwa ndani ya gogo, kisha weka hiki mbele."

Wakapanga. Mistari ya mti ikaungana yote, mpaka ganda. Mzungu akapapasa alama ya nyundo yake mwenyewe, akacheka, akamwachia babu. Mbao zikafika Dodoma kabla ya treni.

Leo nami nauza mbao. Vijana wakilalamikia vibali na mbao za nje nawaelewa, inauma kweli. Ila nawaambia: kabla hujakata, angalia nyundo imegonga wapi.

Kigoda ninacho dukani, miguu bibi alikirudishia mwenyewe, na alama bado inaonekana. Ahsante bibi yangu kwa kumfuata babu. Na ahsante kwa kunifokea.

Haya, nani mwingine humu alikaribia kuchoma kitu cha bibi yake? Tupia hapa, nasoma.