Picha ya Mama Kutoka Hispania

Wenzangu mliokulia Rågsved, kitongoji cha Stockholm, miaka ya themanini mtakumbuka: shule ikifunguliwa Agosti, mwalimu alimtaka kila mtoto aeleze likizo yake, na usipotaja Hispania ulionekana hukulelewa vizuri. Basi kiangazi kimoja Baba, baada ya miaka ya kusafisha mabehewa ya treni, akatupeleka. Wiki moja, mji wa pwani, ndege imejaa Waswidi walioanza kuimba kabla haijaruka.

Vijana wa leo wanapanda ndege kama wanaokwenda madukani Farsta kununua soksi, tena wamenuna. Sisi tulivaa viatu vya sikukuu, na Mama alifunga mahamri ya wiki nzima, asije akaadhirika na njaa ugenini.

Ufukweni watu walikuwa kazini. Waswidi walijianika juani kwa zamu, tumbo kisha mgongo, kwa bidii ambayo sijaiona tena katika ofisi yoyote. Mama alitazama mara moja, akageuza uso. Alitaka picha ya kumpelekea Bibi, mama yake, kule Malindi, na hakuwa tayari Bibi aone vifua wazi vya wanawake nyuma ya wajukuu zake. Akatuongoza hadi mji mkongwe: vichochoro vya kupishana kwa mabega, kuta za chokaa, milango mizito ya mbao yenye misumari ya shaba, harufu ya samaki wa kukaanga, na vikongwe waliokaa nje wakisengenya kwa Kihispania. Mama akajitanda leso yake, akasimama mlangoni pa watu asiowajua, akacheka. Stockholm sikuwahi kumwona akicheka vile. Baba akatupiga picha.

Nyuma ya picha hiyo Mama aliandika: "Tuko likizo, sote wazima." Akampa Mkenya mmoja wa mtaa wa Husby aliyekuwa akisafiri kwenda Kenya, maana barua za mkononi ndizo zilizoaminika. Naye akaitia posta Mombasa, ikafika na stempu ya Kenya.

Kwa Bibi, mtu aliye mbali akienda likizo huenda kwao. Akaiangalia picha, akaona Lamu. Akatandika vitanda, akaazima godoro kwa jirani, akatungoja wiki tatu. Kisha ikaja barua, mwandiko wa Mjomba, maneno ya Bibi: "Mwanangu, ufike Lamu, kwangu usifike? Nimekukosea nini?"

Mama aliisoma jikoni, koti la kazi bado mwilini, akalia. Alikuwa na miaka tisa hajamwona mama yake. Akaandika kueleza Hispania; Bibi akajibu kwamba Ulaya ni barafu tupu, anajua, asifanywe mtoto. Tukamtumia picha ya theluji ya kwetu, aone tofauti na Hispania. Barua zake zikakoma.

Kiangazi kilichofuata Baba aliuza gari, tukaenda Malindi. Bibi alitukumbatia mmoja mmoja, akalia mpaka leso ikalowa. Kisha akajifuta, akamgeukia Mama.

"Na Lamu hawajambo?"

Bibi ametangulia mbele ya haki. Mama amestaafu, amerudi Malindi, na wanangu humwona kila Jumapili kwenye simu, sura safi mpaka makunyanzi. Anawauliza kwa Kiswahili, wanamjibu kwa Kiswidi, wanampungia mkono huku wanatafuna. Maendeleo hayo: hakuna tena anayekosea kujua tuko wapi. Zamani picha moja ilitosha kumfanya mtu atungoje wiki tatu. Mama anazo picha zetu elfu, na ameacha kuuliza tunakuja lini.