Chumba Kinachotazama Bembea

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na kwa miaka mingi alilala njiani zaidi kuliko alivyolala nyumbani. Watoto walipomuuliza analala wapi, aliwaambia hotelini. Ukweli ni kwamba alilala kwenye kebini, kule Mai Mahiu, lori lake likiwa limepangwa pamoja na mengine kando ya barabara, kioo kimeachwa wazi kidogo apate hewa. Lakini hoteli aliyowasimulia ilikuwa na nyasi, bembea, na slaidi ndefu inayoanzia juu ya paa, na kila aliporudi kwetu kijijini Bahati aliiongezea kitu kipya. Siku moja nilimsikia akimweleza binti yetu kwamba wapishi wa huko huwauliza watoto wanataka kula nini kabla ya kuwauliza wazazi. Nilikuwa kwenye cherehani nikishona sare za shule. Nikacheka, sikuona ubaya.

Halafu akaanza kushindwa kumeza. Mwanzoni ulikuwa ugali, akawa anausukuma kwa maji. Baadaye mkate, baadaye hata viazi vilivyopondwa. Alidhani ni vumbi la barabara. Tulipofika hospitali mjini Nakuru na wakamwingiza mpira wenye kamera, daktari alituita chumbani, akafunga mlango, akasema ni saratani ya koo la chakula na kwamba tayari ilikuwa imeenea. Aliongea polepole, kwa heshima. Mume wangu alimuuliza swali moja tu, kama ataweza kurudi kuendesha gari. Daktari akasema hapana.

Walimwekea bomba dogo ndani ya koo ili vitu vya majimaji viweze kupita. Akawa mtu wa uji mwepesi, maziwa, na supu iliyochujwa. Muda si muda hata mate yakaanza kugoma kuteremka, kwa hivyo alitembea na kopo lenye kifuniko, akitemea humo. Alikuwa mtu mnene, mwenye shingo nzito kama madereva wengi, lakini mashati yote yakaanza kumpwaya. Mimi ndiye niliyeyapunguza kwa cherehani, nikayapunguza tena. Nilipotaka kuyapunguza mara nyingine aliniambia niyaache.

Watoto tuliwaambia baba ana kidonda kooni. Binti alikuwa na miaka tisa na hakuuliza kitu. Mvulana alikuwa bado chekechea. Yeye aliuliza, kwa kuwa sasa baba haendi safari, ile hoteli tutaenda lini.

 Watoto walipotoka nje kucheza, mume wangu aliniambia, "Tafuta hoteli."

Nikamuuliza hoteli gani.

"Ya mjini. Ya kulala siku moja tu. Iwe na mahali pa watoto kucheza. Na huko ndiko tutawaambia."

Nilimuuliza kwa nini tusiwaambie nyumbani, palepale mezani, tuombe pamoja, yaishe. Akatikisa kichwa. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba na ilibidi nimsogelee nimsikie. "Wakisikia hapa," akasema, "kila siku watakuwa wanakaa mahali waliposikia. Afadhali wasikie mahali ambapo hatutarudi."

Alinipa masharti, kama vile alivyokuwa akimpa maagizo taniboi, msaidizi wake wa lorini, kabla ya safari. Chumba kiwe cha chini, kwa sababu ngazi zilikuwa zimemshinda. Dirisha litazame mahali pa kuchezea, ili awaone watoto hata akiwa amelala kitandani. Pasiwe na bwawa la kuogelea karibu, kwa sababu mvulana akikimbilia maji hangeweza kumkimbiza. Na pasiwe na moshi wa nyama.

Siku ya kliniki nilimwacha amepumzika kwa dada yake mtaa wa Rhonda, nikaingia mjini kwa miguu. Sikuwahi kulala hotelini maishani mwangu, na sikujua hata namna ya kuuliza. Katika hoteli ya kwanza, ya ghorofa nyingi karibu na kituo cha magari, nilisema nataka kuona mahali pa watoto. Kijana mmoja akanipeleka kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya ukumbi wa kulia. Kulikuwa na mipira ya plastiki ndani ya kizimba na televisheni inayoonyesha katuni. Palinuka soksi. Vyumba vya kulala vilikuwa juu huko, na lifti ilikuwa imefunguliwa mlango, nyaya zinaning'inia. Nikashukuru nikatoka.

Ya pili ilikuwa nje kidogo, kwenye barabara ya kwenda Nairobi, na hiyo nusura niichukue kwa uzuri wake. Uwanja mpana, jumba la mpira lililojazwa hewa la kurukia, msichana anayechora watoto vipepeo usoni, gari moshi dogo linalozunguka bustani. Lakini jiko la nyama choma lilikuwa katikati ya hayo yote. Kila meza ilikuwa na familia, na kila familia ilikuwa na sinia lililojaa mbavu na chipsi, akina baba wakikata nyama kwa kisu na kuwagawia watoto. Nilisimama pale nikijaribu kumweka mume wangu kwenye mojawapo ya zile meza, na kopo lake. Mhudumu akaniuliza, "Mathe, mko wangapi?" Nikamwambia nimepotea njia.

Ya tatu niliipata mtaa wa Milimani, hoteli ndogo iliyokuwa zamani nyumba ya mtu. Vyumba vilikuwa chini, vimejipanga, kila kimoja na kibaraza chake, na mbele yake kulikuwa na nyasi, bembea mbili, slaidi ya mbao, na mchanga. Ua wa miiba ulizunguka pande zote. Nilikaa kwenye kitanda cha chumba cha mwisho na kutoka pale nikaiona bembea vizuri. Nikalala chali, viatu nikiwa nimevining'iniza nje ya kitanda, kuona kama bado inaonekana. Ilionekana.

Dada wa mapokezi alisimama mlangoni akinitazama. Alikuwa mpole. Aliniuliza umri wa watoto, akasema ataongeza kitanda kidogo. Nikamuuliza kama jikoni wanaweza kutengeneza supu iliyochujwa, laini kabisa. "Kuna mtoto mchanga?" akauliza. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, nikasema ndiyo.

Tulienda Jumamosi. Watoto walivaa nguo za kanisani. Mvulana aliruka kutoka garini akakimbia moja kwa moja hadi kwenye slaidi, akaizunguka, kisha akarudi na kumwambia baba yake kwamba haianzii kwenye paa. Baba yake akamwambia ile ya paa ni ya madereva peke yao. Akakubali, akarudi mbio. Nilimtazama mume wangu akikaa kwenye kiti cha kibarazani, kopo limefunikwa kwa taulo mapajani, na kwa muda fulani asubuhi ile nilisahau tulichokuja kufanya. Binti alimsukuma ndugu yake kwenye bembea. Mvulana akapiga kelele aongezewe. Tulikubaliana tutawaambia baada ya chakula cha mchana.

Kufikia saa saba familia nyingine zilikuwa zimefika kula, na nyasi zikajaa watoto. Mpira wa mmoja wao ukabingirika hadi kibarazani kwetu. Mtoto akaufuata, na wakati huohuo mume wangu akashikwa na kikohozi, kikohozi kile kinachoanzia mbali na kumkunja mgongo, akafunua kopo akatema. Mama wa yule mtoto akaja haraka, akamshika mkono, akamvuta. Hakututazama. Nilimwona akielekea mapokezi.

Yule dada wa mapokezi alikuja, akachuchumaa kando ya kiti changu. "Madam, samahani sana," alisema kwa sauti ya chini. "Wageni wengine wanauliza kama mzee anaweza kupumzika ndani kidogo. Wanaogopea watoto wao."

Nilimwambia ugonjwa wake hauambukizi. Akasema ananiamini, lakini ametumwa. Machozi yalikuwa karibu kumtoka na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa kuwa mimi sikuwa na nafasi ya kulia. Kabla sijasema lingine, mume wangu akasimama. Akabeba kiti chake mwenyewe, ingawa kilimyumbisha, akaingia ndani, akakiweka mbele ya dirisha. Akafunga dirisha. Kisha akaniomba nifungue pazia lote.

Hatukukaa sana kabla ya binti kuingia. Alikuwa anahema. Alisema kuna mtoto amekataa kucheza naye, mama yake amemwambia baba wa hawa ana TB.

"Kuja hapa," baba yake akasema.

Alisogea. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo wiki nzima. Nilikuwa na maneno kuhusu Mungu, kuhusu nguvu, kuhusu sisi kubaki pamoja. Baba yake akanitangulia.

"Si TB," akamwambia. "TB hutibiwa, mtu akapona. Yangu ni saratani. Haiwezi kukushika wewe wala mtu mwingine. Lakini haitapona."

Binti akamtazama. "Hata ukienda hospitali ingine?"

"Hata nikienda."

"Nani anajua?"

"Mama yako. Na sasa wewe."

Akageuka akatazama dirishani, mahali ndugu yake alipokuwa akipanda ngazi za slaidi. "Na yeye?"

"Yeye mwache acheze," akasema mume wangu.

Binti alibaki amesimama, mikono imeshika pindo la gauni. Nilitaka kumkumbatia lakini alisimama kwa namna iliyonizuia. Mwishowe akauliza kama anaweza kurudi nje, na baba yake akamruhusu. Alirudi, lakini hakucheza. Alisimama nyuma ya bembea akimsukuma ndugu yake, taratibu, bila kuchoka, na kila mtoto mwingine aliposogea alinyoosha mkono kumzuia asikaribie. Tuliyaona hayo yote kutoka dirishani. Mume wangu alisema, "Huyo sasa amekuwa mtu mzima." Hakusema kwa furaha.

Jioni nilienda na watoto ukumbini. Walichagua chipsi, na mvulana pekee ndiye aliyemaliza. Supu iliyochujwa ililetwa kwenye bakuli la mtoto lenye picha ya sungura, na kijiko cha plastiki kimelazwa kando. Mhudumu aliangalia huku na huku akimtafuta mtoto mchanga. Niliibeba mpaka chumbani. Mume wangu alilitazama bakuli, akakiweka kijiko kando, akanywa kidogokidogo. Akasema imekolea chumvi vizuri.

Asubuhi, kabla ya wageni wengine kutoka, mvulana alimvuta baba yake kwa kidole. Alitaka amdake kwenye slaidi. Nilimwambia baba amechoka. Mume wangu akasema hapana, ataenda. Akatembea kwenye nyasi zenye umande, akasimama mwisho wa slaidi, miguu kaitanua, mikono mbele, kama nilivyokuwa nikimwona akipokea magunia enzi zake. Mvulana akaja kwa kasi. Baba yake alimdaka, akamdaka kweli, kisha magoti yakamkatika wakaanguka wote wawili.

Mvulana akacheka. Alidhani ni mchezo. Mume wangu alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. Nilikuwa bado kibarazani. Askari wa getini, mtu mwenye mvi, alifika kabla yangu. "Pole mzee," akamwambia, "nishikilie mimi." Akampitisha mkono kwapani, akamwinua. Binti alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa ameona kila kitu. Aliingia ndani akaanza kukunja nguo. Tuliondoka kabla ya chai.

Alifariki msimu wa mvua fupi, nyumbani, asubuhi, wakati nikichuja uji wake. Madereva wenzake walikuja kumzika. Waliegesha malori kutoka sokoni Bahati hadi karibu na njia ya kuingia kwetu, na jirani aliniambia hajawahi kuona mazishi yenye malori mengi vile. Mvulana alifurahia kuyahesabu.

Sasa yuko shule ya msingi. Juzi nilikuwa nikishona, naye alikuwa mlangoni na rafiki yake, wakisimuliana walikowahi kufika. Alimwambia tulilala hoteli ya mjini, kulikuwa na bembea na slaidi. Alikumbuka mchanga. Alikumbuka chipsi. Kisha akasema, "Kulikuwa na mzee fulani alinidaka, tukaanguka, watchman akaja kumwinua."

Nilisimamisha cherehani. Nikamwambia, "Huyo alikuwa baba yako."

Akanitazama kama mtu anayemsahihisha mtoto mdogo. "Apana, mum. Baba alikuwa mnene." Akaonyesha picha iliyo ukutani, baba yake ameegemea lori, tumbo mbele, anacheka.

Dada yake alikuwa mezani akifanya kazi ya shule. Aliinuka akatoka nje. Nilifikiria kuanza upya, kumweleza mvulana jinsi mtu anavyoweza kuisha mwili, kumwambia ni mikono ya nani iliyomdaka. Lakini rafiki yake alikuwa akisubiri na mpira mkononi, na yeye alikuwa tayari anaangalia barabarani. Nikamwachilia aende.

Nilimkuta binti nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, anajinawa uso. Hajawahi kuitaja ile hoteli, si kwangu wala kwa mtu yeyote ninayemjua. Nilisimama kando yake. Aliponyanyua uso aliniuliza kama apike sukuma wiki au kabeji. Nikamwambia chochote kilichopo.